Uzi wa Machi wa Daktari Snezhana Karajova

Baba Padri, ndugu, majirani, wana-Kotel wenzetu, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Sofia na barafu bado barabarani, familia ya Karajov imemwomba Stoicho, mdogo wake Lyuben na shemeji wa marehemu, asimame asome maisha ya mpendwa wetu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda mtu wa kuzungusha maneno, tutajitahidi kwenda moja kwa moja, isipokuwa mahali pamoja ambapo tutakawia, kwa sababu Iskra, mwanawe wa pekee, ametuomba tusiparuke, na sisi tumekubali ingawa si desturi kuyasema mambo ya namna ile mbele ya jeneza.

Marehemu Snezhana Radoslavova Karajova alizaliwa tarehe 12 Januari 1953 hapa hapa Kotel, katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya kisima cha juu, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Radoslav Gunchev, mkata manyoya ya kondoo, na marehemu Tota Guncheva, mfumaji wa mazulia, ambaye zulia lake moja bado limetandikwa kanisani na wengi wenu mmelikanyaga leo mkija kumuaga binti yake. Alikulia katikati ya sufu, na kazi yake ya kwanza duniani, kabla hajajua kusoma, ilikuwa kukaa miguuni pa mama yake na kutenganisha nyuzi nyekundu na nyeupe zilizojisokota, kazi aliyoichukia kwa moyo wote, na ambayo, kama mtakavyosikia, hakuikwepa mpaka mwisho.

Alianza shule ya msingi hapa Kotel mwezi Septemba 1960, akaendelea na sekondari mjini Sliven, ambako aliishi kwa shangazi yake aliyekuwa mkali kuliko walimu wote, akahitimu Juni 1971, na mwaka huo huo akachaguliwa kusoma kemia katika Chuo Kikuu cha Sofia, akamaliza mwaka 1976. Tarehe 3 Oktoba 1977 aliajiriwa katika taasisi moja ya utafiti wa virusi jijini humo, akapewa meza karibu na dirisha lisilofunga vizuri, na kwenye meza hiyo ndiko alikoandika kazi iliyompa shahada ya udaktari mwaka 1982, akikataa kuhama hata alipopandishwa cheo, kwa madai kwamba baridi humfanya mtu asisinzie.

Tarehe 24 Septemba 1983 alifunga ndoa na Lyuben Karajov, mwalimu wa jiografia, na walipoushika mkate wa harusi wakauvuta kila mtu upande wake, kama tunavyofanya ili ijulikane nani atatawala nyumba, marehemu aliondoka na karibu mkate mzima, Lyuben akabaki na ukoko, na tangu siku ile hakuna aliyebishana na matokeo. Ilikuwa kwenye meza ile ile ya harusi ambapo Stoicho, aliyekuwa ameshapiga glasi kadhaa za rakia, alimuuliza bibi harusi swali ambalo ukoo mzima ulikuwa ukiliogopa, akasema, "Shemeji, samahani, hivi unafanya kazi gani hasa? Sisi huku tunasikia unafuga kuku." Marehemu hakukasirika, kwa kuwa ni kweli virusi alivyokuwa akivichunguza wakati huo vilikuwa vya kuku, bali aliinuka na shela lake, akaenda kwenye kapu la mama yake Tota, akarudi na nyuzi mbili za sufu, mwekundu na mweupe, akazisokota kwenye sahani iliyokuwa na nyanya.

"Tazama hapa," alimwambia, "huu mwekundu ndio barua ya virusi, unaitwa RNA. Vikishaingia ndani ya seli, kimeng'enya chao kinapanda juu ya uzi mwekundu na kuanza kutengeneza mweupe pembeni yake, herufi kwa herufi, na huo mweupe ni DNA. Sasa sikiliza. Kichwa cha kimeng'enya kinaandika, na mkia wake unakata. Kila pale mwekundu ukishanakiliwa, mkia unakuja nyuma unaukatakata."

"Kinakata barua yake chenyewe? Kina wazimu?"

"Hakina wazimu hata kidogo. Mweupe unataka mwenzake mweupe wa kusokotana naye, na mwekundu ukiendelea kuung'ang'ania, nafasi haipo. Kwa hiyo mwekundu lazima uondoke."

"Basi unaliwa wote?"

"Karibu wote. Kuna kipande kimoja kifupi ambacho mkia unakipita bila kukikata, na hapo ndipo uzi mweupe wa pili unapoanzia. Mimi nataka kujua kwa nini kile hakikatiki, na nataka kujua namna ya kuuzuia ule mkia, kwa sababu mwekundu ukibaki umeganda pale, virusi vimekwama, haviendi popote."

Stoicho aliomba glasi nyingine, lakini alielewa, na ni ushahidi wa uwezo wa marehemu kwamba mpaka leo, baada ya miaka thelathini na mitano na ushei, anaweza kusimama mbele yenu akaeleza jambo hilo bila kusaidiwa.

Marehemu na Lyuben walijaliwa mtoto mmoja, Iskra, aliyezaliwa Sofia tarehe 11 Novemba 1986, na hapa ni lazima tuseme jambo moja kuhusu kazi ya marehemu ili yanayofuata yaeleweke. RNA ni kitu dhaifu mno, na kila mmoja wetu, padri na mchungaji wa kondoo, anabeba kwenye ngozi yake vimeng'enya vingine kabisa, vya mwili wetu wenyewe, ambavyo huila RNA popote vinapoikuta, ndiyo maana watu wa kazi ile hawagusi kitu bila glavu. Marehemu alizoea kusema kwamba kimeng'enya cha virusi ni fundi, hukata mwekundu uliosokotana na mweupe tu, ila kile cha ngozi yetu ni mlafi. Akikuta mtu ameshika kichupa kwa mkono mtupu alikuwa hagombi, alikitupa tu mbele ya macho yake na kuondoka, na Lyuben kwa upande wake aliwaambia wageni kwamba tangu aoe hajawahi kushikwa mkono na mkewe mpaka aonyeshe kwanza kwamba ametoka kuunawa.

Mwaka 1990 taasisi ilihamia kwenye virusi vinavyoleta UKIMWI, na marehemu akaongoza kikundi kidogo cha kuchunguza ule mkia unaokata, pamoja na kijana aliyeitwa Dobri Hinkov, ambaye leo yuko hapa, kaja kubeba jeneza. Miaka ile ilikuwa migumu, mnaikumbuka, umeme ulikatika, mkate ulipangiwa foleni, na dawa za maabara walikuwa wakipewa na wenzao wa nchi za nje kwa kubembeleza. Mwezi Machi 1992 kila kitu kilianza kuharibika, RNA ikawa inakutwa imesagika vichupani hata kabla ya kimeng'enya cha virusi kutiwa, wiki baada ya wiki, na dawa zote za mwaka zikaishia hivyo. Marehemu alitafuta mkosaji, akamwona Dobri, kijana aliyevuta sigara dirishani na kula banitsa ya mafuta kwenye ngazi, akamwambia mbele ya wenzake, "Mikono yako ni michafu na wewe huna habari," kisha akamwandikia mkurugenzi, na kufikia Mei Dobri hakuwa na kazi.

Machi iliyofuata, mwaka 1993, RNA ilisagika tena, na Dobri hakuwepo. Marehemu alibadilisha maji, akabadilisha vichupa, akabadilisha glavu, akawakataza watu kuzungumza juu ya meza, na haikusaidia, mpaka asubuhi moja aliponyanyua mkono kuchukua kitu kutoka rafu ya juu akaona, kati ya glavu na mkono wa koti lake, ncha ya sufu nyekundu na nyeupe ikining'inia na kugusa mdomo wa kichupa. Ulikuwa uzi wa Machi, ambao kila mmoja wetu humfunga ampendaye tarehe moja ya mwezi huo, na ambao hatuuvui mpaka tumwone korongo wa kwanza au mti uliochanua maua. Iskra alikuwa amemfunga kwa mafundo matatu na kuacha ncha ndefu, kama alivyomfunga kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia. Marehemu alikuwa amepika nao, amefua nao, amelala nao, ukanywa jasho lake na vimeng'enya vya ngozi yake, kisha kila siku akauingiza maabara chini ya glavu safi. Katika taasisi ile hakuna aliyewahi kuufikiria uzi ule, kwa sababu wote walikuwa wamevaa, na mtu haoni kitu ambacho amekivaa kila Machi tangu alipozaliwa.

Jioni ile alirudi nyumbani, akachukua mkasi jikoni. Iskra, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa akipanga vijiko mezani, akamwona, akamwambia, "Mama, korongo hajaja."

"Najua," marehemu alijibu, akaukata.

Hakueleza zaidi. Lyuben alipomuuliza chumbani mbona amemfanyia mtoto vile, alisema, "Nimwambie nini? Kwamba uzi wake umemfukuza mtu kazi? Ana miaka sita, ataamini." Akamwapisha Lyuben anyamaze, na Lyuben, ambaye alishapoteza ule mkate siku ya harusi, alinyamaza. Kesho yake marehemu alipanda treni kwenda Burgas, akamkuta Dobri akipakua makasha kwenye ghala la samaki, akamwambia bila hata kumsalimia, "Mikono michafu ilikuwa yangu." Dobri alijifuta magamba, akasema, "Daktari, mwaka mzima nimepanga nitakuambia nini siku nikikuona, na yote yalikuwa maneno mazuri sana, sasa umeniharibia." Kwa miezi mingi taasisi ilisema haina nafasi, na marehemu alienda kugonga mlango wa mkurugenzi mara nyingi kiasi kwamba katibu wake alianza kumwekea kahawa, mpaka Februari 1995 Dobri aliporudishwa. Dobri naye aliapishwa kunyamaza.

Kazi ikaenda vizuri tangu hapo, na mwaka 1998 wawili hao, wakishirikiana na wenzao wa nchi mbili nyingine, walionyesha kwamba kwenye kile kipande kisichokatika nyuzi zile mbili hukaa kwa mkao wa upande kidogo, mkao ambao makasi ya mkia hayapati pa kukamata. Dawa ya kuuzuia mkia walikaa nayo miaka kumi na sita, wakaifikisha mahali ilipofanya kazi kwenye vichupa na ikagoma ndani ya seli, na marehemu alipostaafu tarehe 31 Januari 2014 haikuwa imefika kwenye duka lolote la dawa. Hakujifariji kwa hilo, na sisi hatutamfariji leo kwa uongo.

Lakini nyumbani mambo hayakwenda vizuri. Marehemu alikataza nyuzi za Machi maabara, hilo lilieleweka, ila mkono wake mwenyewe aliunyima uzi hata Jumapili, hata likizoni, na Iskra, ambaye hakuambiwa kitu, alijua jambo moja tu, kwamba alimfunga mama yake uzi na mama yake akaukata. Mwaka uliofuata hakumletea. Alikua, akasomea tiba ya viungo, akahamia Valencia mwaka 2008, na kila Februari ilifika bahasha kutoka Hispania yenye uzi wa baba yake, uzi wa Stoicho, uzi wa jirani wa ghorofa ya pili, na ndani ya bahasha hiyo marehemu hakuwemo. Alikuwa akiifungua yeye mwenyewe, akiwagawia wengine, akiuliza, "Hajambo lakini? Amesema hajambo?" Mara nyingi Lyuben alimwambia amweleze, mtoto amekuwa mtu mzima, naye alijibu kwamba atamweleza akija, na akija hawakupata nafasi, na wakipata nafasi alikuwa na jambo la kupika. Neno likishakaa ndani ya nyumba miaka mingi huwa kama kabati zito, watu wanalizunguka tu na hakuna anayekumbuka kwamba lingeweza kusogezwa.

Marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo mwezi Oktoba 2018, akayachukulia kuwa ya miaka yote ya kukaa vibaya kwenye meza ile ya dirishani, na tarehe 9 Januari 2019 madaktari wakagundua saratani ya kongosho, iliyokuwa tayari imeshafika kwenye ini. Alilazwa tarehe 4 Februari. Iskra alifika tarehe 20, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na sanduku lake lilikaa chini ya kitanda cha hospitali siku tano kabla mtu hajalifungua.

Msiseme hatukuwaambia kwamba tungekawia. Siku ya tatu marehemu alimwomba Lyuben atoke akanunue maji, ingawa maji yalikuwepo, akamweleza Iskra yote, Machi ya kwanza, Machi ya pili, Dobri, Burgas, mkasi. Alieleza kama alivyokuwa akieleza kila kitu, kwa mpangilio, bila kujionea huruma, na alipomaliza alisema, "Ulikuwa na miaka sita. Sikutaka ubebe."

Iskra akamwambia, "Ningelia siku mbili, Mama, halafu ningesahau. Sasa nimelia miaka ishirini na sita, na sikujua nalilia nini."

"Nilikosea hesabu," marehemu alisema.

"Ulikosea, ndiyo."

Lyuben aliporudi na maji aliwakuta wamelala kitanda kimoja, viatu vya Iskra vikiwa bado miguuni, na alisimama mlangoni na chupa zake kwa muda mrefu.

Tarehe 1 Machi, siku ya Ijumaa, Iskra alileta uzi. Muuguzi wa zamu alikataa, kwa haki, akasema mkono wenye dripu haufungwi kitu, ndipo marehemu akatoa ule wa kushoto chini ya shuka, akaunyoosha yeye mwenyewe, na kusema, "Mafundo matatu, kama zamani, usinidhulumu." Dobri, aliyekuwa amekuja na machungwa, alisimama miguuni pa kitanda akamwambia, "Haya, Daktari, sasa utawaharibia hospitali nzima," na marehemu alicheka mpaka ikabidi aongezewe dawa ya maumivu. Kuanzia hapo kila aliyeingia alionyeshwa uzi. Dirisha la chumba kile lilitazama ukuta, na Lyuben alipomletea tawi la mplamu lililotiwa maji ya moto ili lichanue haraka, marehemu alilikagua akasema huo ni udanganyifu wa majaribio, lirudishwe lilikotoka, yeye atasubiri korongo halali.

Hakumwona. Alifariki dunia Jumapili tarehe 17 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa Iskra, mikono yote miwili mitupu. Wanawake waliokuja kumwosha walitaka kuutoa uzi, kwa kuwa mafundo yalikuwa yamebana na haipendezi, na mmoja alishashika mkasi, Iskra akamzuia akamwambia, "Uacheni. Korongo hajaja." Tumemleta hapa Kotel karibu na mama yake Tota, na mnavyoona wenyewe miti bado ni mitupu, kwa hiyo anashuka kaburini akiwa nao. Jana Baba Padri alituuliza kama angeweza kukitumia kile kipande kisichokatika katika mahubiri yake, kuwa mfano wa kitu kinachobaki, na tulimkatalia kwa heshima, kwa sababu marehemu angetuambia ukweli wake, kwamba uzi wa pili ukishaanza, kipande hicho nacho hukatwa.

Marehemu ameacha mume, Lyuben, mtoto mmoja, Iskra, na sisi wengine ambao hatukuwahi kujua kama maji ya kunywa yamechemka vya kutosha mpaka yeye atuambie. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule wa zamu ya Ijumaa aliyejua kukataa na akajua kukubali, tunawashukuru majirani wa Sofia waliobandika tangazo la msiba hadi kwenye milango tusiyoijua, tunawashukuru majirani wa hapa waliochemsha ngano ya msiba na kuchimba ardhi iliyoganda, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wote, na Dobri Hinkov kwa namna ya pekee, aliyeombwa kunyamaza miaka yote ile akanyamaza, na ambaye ametuomba tusimtaje, tumemtaja.

Mwisho ni tangazo dogo la familia. Iskra amefungwa uzi pia, na Lyuben ndiye aliyemfunga, na hatarudi Valencia mpaka auvue, atakuwepo nyumbani kwa kina Gunchev, nyuma ya kisima cha juu. Yeyote kati yenu atakayeona korongo wa kwanza mwaka huu, juu ya nguzo, juu ya paa, shambani, asipite kimya, tafadhali aende akagonge mlango pale, hata kama ni mapema, hata kama amevaa matope, amwambie, naye atakuja hapa kaburini.

Pumzika kwa amani, Snezhana. Korongo akija, utaambiwa.